Kupe ya Mwalimu

Gari langu liliundwa Japani mwaka wa 1976, na injini iliyo ndani yake ilitoka kwa Vanette iliyokuwa ikisambaza maziwa. Nikimwambia mtu hivyo, mambo huwa mawili. Kuna anayecheka na kuuliza, "Na inaenda?" Halafu kuna yule anayenyamaza, anaiangalia boneti kama mtu aliyeonyeshwa picha ya marehemu, kisha anauliza, "Sasa hiyo bado ni Datsun?"

Huyo wa pili ndiye aliyenifanya nikae chini niandike.

Ni Datsun 120Y. Ile ya milango minne umeiona kwenye albamu ya familia, imeegeshwa nyuma ya mjomba aliyevaa suruali pana chini. Yangu ni ya milango miwili, ile yenye paa linaloteremka kwa nyuma mpaka kwenye taa. Jina lake kwa wenye gari ni coupe, na fundi wangu hulitamka "kupe", vile vile kama mdudu. Mwanzoni nilidhani ni mzaha. Kufikia mwezi wa tatu nikaona jina limemfaa: linashika mwili, linanyonya polepole, na ukisema ulibandue, kichwa kinabaki ndani.

Tusidanganyane kuhusu spidi. Kwa sura hili ni gari la sporti. Kwa injini yake ya kiwandani lilikuwa gari la kwenda sokoni. Injini hiyo inaitwa A12: silinda nne, sentimita za ujazo 1,171, farasi wasiofika 70. Na farasi hao walihesabiwa na watu walio karibu na bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu, hewa ni nyepesi, na injini ya kabureta inapoteza kama asilimia 15 ya nguvu hapo hapo, kabla hujabeba mtu. Kinachookoa ni kwamba gari lenyewe ni jepesi, karibu kilo 800, na linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Ukikata kona unaisikia barabara kwenye mikono. Wale mnaoendesha Demio za kuazima mnajua usukani usio na habari yoyote. Huu una habari hadi za jirani.

Nililipenda kwa sababu ya picha za kale za Safari Rally. Kizazi chetu kiliona Safari ikirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka wa 2021, Naivasha, lakini picha zilizonishika mimi ni zile za Datsun zilizopakwa tope hadi madirishani. Edgar Herrmann alishinda 1970 na 1971. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyekuja kuishi Kenya, alishinda 1973 na 240Z, kisha 1979, 1980, 1981 na 1982 mfululizo kwa magari ya familia ya Violet, ile tuliyoizoea hapa kama 160J. Mara tano, zote Datsun. 240Z siwezi kununua hata nikiuza figo. 160J iliyo hai, wenyewe wameshaipandisha bei. 120Y ni binamu wa hao mabingwa, yule aliyesoma uhasibu akaajiriwa benki. Bei yake ndiyo ningeweza kuiangalia bila kufumba macho.

Kuna jambo la kuelewa kuhusu magari ya zamani hapa kwetu. Japani yapo mengi, lakini mtu wa kawaida hawezi kuyaleta: Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingia likiwa limepitisha miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa hivyo Datsun zilizopo ni zile zile zilizouzwa hapa wakati nyanya zetu walikuwa wasichana, na kila moja inayopelekwa kwa vyuma vikuukuu ni moja imetoka kwenye hesabu, haitarudi. Zilizobaki ziko vijijini, chini ya miparachichi, kuku wakitagia kwenye kiti cha nyuma.

Hii ilikuwa Karatina, lakini si chini ya mparachichi. Ilikuwa kwenye kibanda cha mabati chenye kufuli mbili.

Mwenyewe ni mwalimu mstaafu wa hesabu, na mtaa mzima humwita Mwalimu tu, hata watoto wake. Rafiki yangu aliyekulia karibu na boma hilo alinipeleka. Namba ya gari ilikuwa zile za kale, herufi tatu na tarakimu tatu, hakuna herufi mkiani. Mwalimu alilinunua 1979 kutoka kwa afisa wa kilimo aliyekuwa akihamishwa, akaliendesha miaka thelathini na miwili. Mwaka wa 2011, akipanda kutoka Sagana na magunia ya mbegu za viazi, lilichemka. Msamaria mmoja akasimama kumsaidia, akafungua radieta na kumimina maji baridi injini ikiwa bado moto wa kuivisha ugali. Mwalimu alisikia mlio mmoja tu. "Kama mtu amevunja muwa," akasema.

Alinikagua kuliko nilivyolikagua gari.

"Wewe unafanya kazi gani, msichana wangu?"

"Naandika, Mwalimu."

"Ulisomea hiyo?"

"Nilisomea uchumi. Niliacha mwaka wa tatu."

Akafikiria. "Basi wakati unao," akasema, na mpaka leo sijajua kama ilikuwa sifa.

Wanawe walitaka kibanda kibomolewe wajenge nyumba za kupangisha. Broka wawili walikuwa wameshakuja, mmoja akitoa pesa zaidi yangu, lakini Mwalimu aligundua mpango wake ni kuondoa milango, vioo, taa na viti auze kipande kimoja kimoja kwa wenye magari mazima. Huko ndiko kuchinja gari. Tulikubaliana Sh180,000, na kabla hajatia sahihi alisema jambo moja tu: "Nakuuzia nzima. Usiende kuichinja."

Nikamwahidi. Ni rahisi kuahidi ukiwa umeshika chai ya mtu.

Mama yangu aliposikia bei alinyamaza kwenye simu mpaka nikadhani mtandao umepotea. Kisha akauliza, kwa upole wa kutisha, kama nilijua pesa hiyo ingelipa arubuni ya Vitz ya kupeleka kwa biashara ya teksi za simu. Nilijua. Kila mtu mjini anajua. Mtu wa umri wangu akinunua kitu kisichorudisha pesa anatazamwa kana kwamba amechoma noti hadharani. Sikuwa na jibu zuri na bado sina. Nililitaka. Nililiweka akiba miaka miwili.

Mimi hulipwa kwa makala, na wakati huo makala moja ilikuwa Sh4,000 pale wanapolipa vizuri. Ubongo wangu ukaanza kuhesabu dunia hivyo. Gari lilikuwa makala arobaini na tano. Kulivuta kwa lori hadi Nairobi, makala nne. Seti ya gasketi, makala moja kasoro nauli. Kuna makala kuhusu faida za chia mliyoisoma mahali fulani bila jina langu. Hiyo ni klachi.

Fundi wangu ana uwanja mdogo Kariobangi Light Industries, katikati ya mtu wa kuchomelea mageti na mwingine anayeunda matangi ya maji. Ni mtu wa miaka hamsini na kitu, haongei akifanya kazi. Siku ya kwanza aliniuliza mwenye gari anafika saa ngapi. Nikamwambia amefika. Akaniangalia, akaangalia gari, akasema, "Sawa, madam," na suala hilo halikurudi tena.

Injini ilishushwa kwa cheni iliyofungwa kwenye boriti. Oili iliyotoka ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na hiyo maana yake ni maji na oili vimekutana mahali visipopaswa kukutana. Aliposafisha bloku kwa mafuta ya taa ufa ukaonekana, unashuka ubavuni kwenye njia ya maji, mrefu kama kalamu. Chuma cha kusubu kuchomelewa kinakubali, lakini kwa shingo upande, na ukikifanyia kazi ya juu juu kinapasuka tena pembeni ya pale ulipochomelea. Halafu silinda zenyewe zilikuwa zimeshachongwa mpaka mwisho. Hakuna pistoni kubwa zaidi ya kutia. Kulikuwa na njia ya kuzivisha silinda mikono mipya ya chuma, kutafuta pistoni za kawaida, kusaga kranki, kununua bearing. Fundi aliandika bei kwenye boksi la sigara. Makala thelathini na moja, na bila hakika kuhusu ule ufa.

"Hii imekufa, madam," akasema. "Hata maombi haitaki."

Lakini jambo lililonikaa akilini siku hiyo lilitokea alipokuwa akiifungua. Mimi nilikuwa nimekuja na wazo la kitu asilia, kitu kilichotoka kiwandani na kulala kwenye kibanda kikisubiri. Ndani hakukuwa na kitu kama hicho. Pistoni zilikuwa kubwa kuliko za kiwandani, ishara kwamba injini iliwahi kufunguliwa na kuchongwa zaidi ya mara moja. Alternata ilitoka gari lingine. Bolti mbili zilikuwa za familia tofauti kabisa, zimesagwa kichwa zikaingia. Na gasketi ya kifuniko cha mbele haikuwa ya dukani. Mtu aliikata kwa makasi kutoka kwa kadi ya kalenda, na chini ya oili ya miaka yote hiyo bado ungeweza kusoma tarehe mbili, 17 na 18. Fundi aliishika kwenye mwanga, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Huyu alikuwa anajua kazi," akasema. Fundi fulani wa Karatina au Nyeri, sijui mwaka gani, alikosa gasketi, akatazama ukutani.

Kwa hivyo nilipoanza kuulizwa kama gari bado ni asilia, tayari nilikuwa nimeona ndani.

Maoni hayakukosekana. Kuna vijana tunaokutana nao Jumapili asubuhi kwenye kituo fulani cha mafuta, kila mtu na gari lake na hadithi yake, na hao walikuwa na jibu moja: weka SR20. Hiyo ni injini ya Nissan ya lita mbili, na ikiwa na tabo inatoa farasi zaidi ya 200. Naelewa utamu wake, nimewahi kukaa kiti cha abiria. Lakini gari lenye breki, ekseli na chasisi iliyopimwa kwa farasi 70 ukilipa farasi mara tatu, utalipa pia breki, ekseli, giaboksi, tangi, waya, na siku moja utalipa hospitali. Ukimaliza una SR20 iliyovaa shati la 120Y. Kwa macho yangu huko ndiko kuchinja, ila tu umechinja kutoka ndani.

Fundi alikuwa na wazo la kimya zaidi. A12 ina ndugu zake. Nissan walichukua umbo lile lile wakaongeza upana wa silinda kutoka milimita 73 hadi 76, na mwendo wa pistoni kutoka 70 hadi 77, wakapata A14. Wakaongeza mwendo tena hadi 82 wakapata A15, sentimita za ujazo 1,488. Ni injini za tumbo moja. Marekani 120Y hii hii iliuzwa ikiitwa B210, na kuanzia mwaka wa 1975 ilikuja na A14 kutoka kiwandani, kwa hivyo mwili wa gari hauoni ajabu. Na A15 iko wapi? Iko kwa Vanette za C22, zile vigari vya mraba vilivyobeba mikate, maua, kwaya na watoto wa shule nchi hii nzima, dereva akiwa amekalia injini.

Kabla ya kuamua nilimpigia Mwalimu. Niliona ahadi ni ahadi. Nikamweleza ufa, pistoni, bei, Vanette. Alinisikiza hadi mwisho kama anayesikiliza mtoto akifanya hesabu ubaoni.

"Gari si langu tena," akasema. Nikangoja. "Lakini hiyo injini usiitupe."

Tukaenda Grogan, ambayo kwenye ramani ni Kirinyaga Road, ila hujawahi kusikia mtu akiwa na gari bovu akiiita hivyo. Sitasema mengi kuhusu bei, kila mtu na mdomo wake. Nitasema jinsi tulivyoipima, kwa sababu nilijifunza. Injini ilikuwa chini, imekalia tairi kuukuu. Muuzaji akaleta betri, nyaya mbili, na kibuyu cha plastiki chenye petroli kikining'inizwa kwenye msumari juu ya kabureta. Ikawaka ikiruka ruka kwenye tairi kama chura. Fundi hakujali sauti. Alisubiri ipate joto, akaizima, akatoa plagi zote, akapima mgandamizo silinda moja baada ya nyingine. Zote nne zilisoma kati ya 150 na 160. Kinachotafutwa ni usawa; silinda moja ikiwa chini sana ya wenzake, ondoka, hata ikiimba. Kisha akachukua kitambaa, akasugua ubavuni pa bloku mpaka namba ya injini ikatokea, akaipapasa kwa kidole kuona kama imesagwa. Namba ikiwa imekwaruzwa, huenda hiyo injini inatafutwa na mwenyewe. Ilikuwa safi. Sh38,000, na risiti iliyoandikwa namba hiyo. Makala tisa na nusu.

Naitaja risiti kwa makusudi. Logibuku huandika namba ya chasisi na namba ya injini pia, na ukibadilisha injini lazima NTSA wajue: unaomba, unaonyesha umeipata wapi, gari linakaguliwa, rekodi inabadilishwa. Bima nao usipowaambia, siku ya ajali watakumbuka vizuri sana. Wengi huruka hatua hii. Mimi niliifuata kwa uoga tu, halafu nikaanza kuipenda. Fikiria: yule anayeuliza "bado ni Datsun?" anadhani amebuni falsafa, kumbe serikali ilishamjibu. Chasisi ndiyo gari. Injini ni kitu ambacho gari linaweza kubadilisha likabaki lenyewe, kama mtu na anwani yake.

Kuiingiza fundi alisema wiki tatu. Ilichukua miezi minne. Si kwa sababu ilikataa. Giaboksi ilikubaliana na bolti zake kama watu waliosoma pamoja. Ni vitu vidogo. Sampu ya Vanette imeundwa kukaa kwenye gari lingine, ikabidi sampu ya A12 na bomba lake la kunyonya oili vihamishiwe. A15 ni ndefu kwenda juu kwa sentimita moja na kitu, kwa hivyo bomba la ekzosti halikufika tena mahali pake, na jirani wa mageti akakata, akaongeza kipande, akachomelea, akakataa pesa kwa sababu alitaka kwanza kuisikia ikiwaka. Mipira ya radieta ikawa mifupi. Radieta yenyewe ikapelekwa kuongezwa safu, makala mbili na robo, na hapo sikubishana hata kidogo; nilishasikia ile hadithi ya muwa. Kulikuwa na wiki tatu nzima gari lilisimama kwa sababu ya diski ya klachi yenye meno yasiyolingana na giaboksi. Kulikuwa na wiki mbili lilisimama kwa sababu mteja mmoja hakunilipa.

Iliwaka Alhamisi jioni. Haikulia kama A12. Nilikuwa nimetazama video za kutosha kujua A12 hulia juu juu, kama cherehani yenye hasira. Hii ilikuwa na sauti nzito kidogo, ya mtu aliyeamka sasa hivi. Jirani wa mageti akapiga nyundo kwenye bati mara tatu, hiyo ndiyo ilikuwa makofi.

Gari sasa linapanda. Sisemi linaruka, nasema linapanda. Mlima ambao A12 ingeomba gea ya pili, hii inabaki ya tatu na kunung'unika. Kilichobaki ni kile kile kilichokuwapo: usukani wenye habari, mlango unaofunga kwa sauti ya bati jembamba, harufu ya viti vya plastiki vikipigwa jua.

Ile A12 nayo ilikuwa imebaki Kariobangi chini ya turubai. Kila Ijumaa mnunuzi wa vyuma alipita na mkokoteni akaitajia bei kwa kilo. Fundi hakunisukuma, ila aliniambia kinaganaga kwamba uwanja ni mdogo. Nikafikiria kuipeleka kwangu. Naishi ghorofa ya tatu, bedsita, na kepteni wa jengo hukataza hata jiko la makaa. Rafiki akashauri niitengeneze meza ya kioo, zile za watu wa mtandaoni. Sikuweza. Kuna pesa ilitajwa siku moja ambayo ingelipa kodi ya mwezi, na mwezi huo kodi ilikuwa inanitafuta. Nilisema hapana, na nikala githeri mpaka mwisho wa mwezi.

Desemba nikampigia Mwalimu nimuulize kama angependa kuliona gari. Akauliza swali lake mwenyewe kwanza: "Ile ya zamani iko wapi?"

"Ninayo."

"Sasa si uilete."

Watu watatu waliibeba hadi nyuma ya gari, bloku tupu, hedi pembeni, kranki imefungwa kwa gunia. Tulilaza kiti cha nyuma, tukatandika magodoro mawili ya zamani ili isitembee. Gari likakaa chini kwa nyuma kama kuku anayetaga. Fundi aliongeza pumzi kwenye tairi, akasema niende polepole, halafu akasema tena.

Nikapita Thika Road, Kenol, Makutano, nikafika Sagana saa nne asubuhi. Kuanzia hapo barabara inaanza kupanda kuelekea Karatina na hewa inaanza kubadilika. Sijui ni kona gani hasa A12 ilipasukia, Mwalimu hakuwahi kunionyesha, kwa hivyo niliendesha mlima wote nikiangalia sindano ya joto. Ilifika nusu ikakaa. Lori lilinipita, kisha nikalipita. Nyuma yangu ile injini iligonga kitu kila nilipopita tuta, taratibu.

Mwalimu alikuwa amekaa nje ya geti kwenye stuli. Kibanda cha mabati kilikuwa kimeshabomolewa, mawe ya msingi yamepangwa. Hakuinuka nilipoingia. Aliniashiria nisizime. Akakaa hivyo akiwa ameinamisha kichwa, sikio moja kwa gari.

"Si yake hii sauti," akasema.

"Si yake, Mwalimu."

"Ya nani?"

"Ya Vanette. Ilikuwa inabeba maziwa."

Akatikisa kichwa juu na chini mara kadhaa, kama anayekubali jibu ambalo hakulifundisha yeye. Kisha akainuka, akanifungulia boneti mwenyewe, kidole kikienda moja kwa moja kwa kile kishikio ambacho kila mtu mwingine hukitafuta. Akaangalia kwa muda. Aligusa radieta na nyuma ya mkono. Aliuliza kuhusu sampu na nikamweleza. Aliuliza kama nimeuza kitu chochote, taa, kioo, kifuniko cha gurudumu. Nikasema hapana, akazunguka gari lote kuhakikisha.

Wajukuu wake wawili na jirani mmoja waliishusha A12 wakaiweka kwenye veranda, juu ya ubao. Mwanawe mkubwa alikuja, akaitazama, akamtazama baba yake, akaamua kutosema kitu. Mwalimu aliagiza kitambaa na mafuta ya taa. Akapiga goti kwa shida, mkono mmoja ukishika ukuta, akaanza kusugua pale ubavuni, karibu na ufa, mahali ambapo namba huwa imepigwa. Uchafu ulikuwa mwingi na hakukuwa kumeonekana kitu bado, lakini alianza kuitaja namba kwa sauti, tarakimu moja baada ya nyingine, kama anayesomea darasa imla. Mjukuu mmoja akainama kuangalia. Zilitokea pole pole chini ya kitambaa, kwa mpangilio ule ule.